Chai ya Saa Nne na Mfuniko Hewani

SEHEMU YA SABA

Mfuniko bado uko hewani. Mlituacha hapo Jumatano iliyopita na haujashuka: kilo mia na arobaini za chuma kitupu, shibiri moja juu ya lami ya Mtaa wa Cooper. Hakuna mnyororo, hakuna ndoano. Umeshikwa na pumzi tu.

Na Gus Marinko ndiyo kwanza katazama saa yake akapaza sauti:

"Chai!"

Kama gazeti la wiki jana ulifungia samaki, nakukumbusha haraka. Kupe ni mashine aliyoiunda Des Quilty nyuma ya nyumba yake. Ni fremu ya chuma yenye magurudumu manne mapana aliyoyang'oa kwenye toroli la gofu. Katikati pana pedi ya mpira mnene, upana wa sinia, na juu yake pampu ya betri inayofyonza hewa, pamoja na jeki ya pedali ya kunyanyulia. Bandika pedi kwenye mfuniko wa chemba ya maji taka, washa pampu, na itang'ang'ania kama kupe kwenye sikio la mbwa. Jina lilijileta lenyewe.

Des ana miaka hamsini na sita. Thelathini na mmoja kati ya hiyo amenyanyua mifuniko ya mji wetu wa Warrabulla kwa ndoano na mgongo. Sasa mgongo umekataa. Daktari kaandika kwamba akinyanyua mmoja zaidi kwa mkono, basi tena. Halmashauri ikampa njia mbili: ama injinia amkubali Kupe, ama Jumatatu Des aanze kazi kaunta ya leseni za mbwa.

Mkuu wa kaunta ya mbwa ni Coralie. Coralie ni mtalaka wake.

Mmeona ukubwa wa jambo.

"Gus, mfuniko uko hewani," Des alisema.

"Nauona."

"Niushushe kwanza. Sekunde kumi tu."

"Sekunde kumi za nani?" Gus alishaanza kuvua glavu. Ni mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi, mtu wa kilo mia na ishirini, na zote ni mkataba. "Saa nne ni saa nne. Tuligoma siku kumi na moja kupata hizi dakika ishirini. Baba yangu aligoma! Ukishika mtambo sasa hivi, Des, unamtemea baba yangu mate."

"Baba yako alikuwa muuza nyama."

"Aligoma kutuunga mkono! Wal, weka maji."

Wal ni mimi. Nikaweka maji.

Injinia Yvette Sandilands alisimama na faili lake kifuani. Alitumwa kutoka mjini asubuhi ile kumpima Kupe. Alitazama mfuniko, akatutazama sisi, akautazama mfuniko tena.

"Bwana Quilty. Hii inaweza kushika dakika ishirini bila mtu?"

"Inaweza kushika mpaka Krismasi," Des akasema.

Huyo ndiye Des. Mdomo wake hufika kazini kabla yake.

"Vizuri. Basi jaribio ndilo hilo. Chai ikiisha mfuniko uko hewani, nasaini. Ukianguka, Jumatatu nenda kwa mbwa na kalamu yako mwenyewe. Nasikia za pale zinaibiwa."

Tukazungushia shimo uzio, tukakunjua meza nyuma ya lori, tukakaa. Gus akamimina chai. Injinia akatoa boksi la lamingtoni, zile keki za chokoleti zilizogaragazwa kwenye nazi, na papo hapo nikaanza kumpenda kama ndugu.

Dakika nne zikapita. Nyuma yetu Kupe ananguruma taratibu. Des hali, hanywi, amegeuza shingo kama bundi.

"Leo meza imetulia," nikasema, ili kusema kitu. Mtaa wa Cooper una mteremko, na kila siku meza yetu hucheza mpaka chai inamwagika.

"Nimeikazia," Gus akajibu, mdomo umejaa nazi.

Des akageuka polepole. "Umeikazia na nini?"

"Kabari ya mbao. Nimeiokota."

"Umeiokota wapi, Gus?"

"Pale chini ya gurudumu la..."

Gus akaacha kutafuna.

Sote tukageuka. Kupe hakuwepo.

Alikuwa mita ishirini chini ya mtaa, anashuka kwa mwendo wa bibi anayetoka kanisani, mfuniko umening'inia tumboni mwake kama mtoto wa kangaruu. Na chini ya Mtaa wa Cooper, wasomaji wangu, kuna kitu kimoja tu.

Klabu ya Matufe ya Warrabulla. Siku ya fainali ya wanawake.

"Mkamate!" Des akapiga kelele, akaruka meza.

"Kufukuza kunaruhusiwa!" Gus naye akakimbia, kikombe mkononi. "Kushika hapana! Mmenisikia? Kufukuza si kazi, kushika ni kazi!"

Tukamfukuza. Mteremko ukamwongezea kasi, Kupe akafika getini kabla yetu. Geti lilikuwa wazi. Kuzunguka uwanja wa matufe kuna mtaro, na mtaro ule ungemsimamisha hata ng'ombe. Lakini dakika tano tu zilizopita Mzee Tuckwell, mtunza nyasi, alipitisha mashine yake ya kukata nyasi, na mbao zake mbili za kuvukia zilikuwa bado mahali pake. Kupe akapanda juu ya mbao zile kama aliyealikwa, gurudumu huku, gurudumu kule, akaingia kwenye nyasi.

Sisi wanne tukafika ukingoni, tukasimama kama tuliogonga ukuta.

Buti.

Ninyi mnaosoma mmekaa mtasema tungeingia tu. Hamjui mnachosema. Hapa kwetu utaingia benki na buti, utaingia kanisani na buti, utazikwa na buti. Uwanja wa matufe, wenye nyasi laini kama zulia, hapana. Mzee Tuckwell mwaka juzi alimtoa kasisi kwa sababu ya kisigino cha kiatu. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria vinginevyo. Tukakaa chini kwenye ukingo, mstari mmoja, injinia naye kati yetu, tukaanza kufungua kamba.

"Haraka, haraka," Des anajisemesha. Alikuwa amefunga mafundo mawiliwili, kama bango la usalama linavyoagiza.

"Nani kafunga hivi?" injinia akafoka, anavuta kamba ya buti lake mwenyewe.

"Bango lako," Gus akamwambia.

Huku mafundo, kule Kupe anaviringika. Wanawake wanane wenye mavazi meupe wakajitenga kushoto na kulia bila kelele, kama watu wanaompisha bwana harusi. Uwanja ni tambarare, kwa hiyo akapunguza mwendo. Akapunguza tena. Akasimama.

Alisimama juu ya kitovu chenyewe cha mchezo. Kwa asiyejua matufe: kuna kitufe kidogo cheupe, na anayelaza tufe lake karibu nacho zaidi ndiye mshindi. Hayo tu, mengine ni mavazi. Sasa kitufe kile na matufe yote yaliyokwisha kuchezwa yalikuwa chini ya mfuniko wa Des, na kati ya chuma na matufe ilibaki nafasi ya vidole vitatu.

Timu mbili zilikuwa sare. Limebaki tufe moja la mwisho. Na mwenye tufe lile, amelipakata mkononi, kofia nyeupe, midomo myekundu, alikuwa Coralie.

"Desmond," akasema.

Mji mzima humwita Des. Anayemwita Desmond ni mmoja tu, na akimwita, Des husimama wima.

Alisimama wima, kwa soksi, kidole gumba cha kulia kimechungulia nje.

"Coralie. Hujambo."

"Hizo soksi nilikununulia mimi."

"Ni nzuri."

"Zilikuwa nzuri. Tuliachana miaka sita iliyopita, Desmond. Soksi zina haki ya kupumzika."

Wanawake wa timu pinzani ya Gilgarra wakacheka. Mzee Tuckwell hakucheka. Mtunza nyasi huyu kwenye fainali ndiye mwamuzi pia, maana hakuna mwingine anayeaminiwa kutembea pale. Alikuwa amelala kifudifudi, shavu kwenye nyasi, anakagua alama za magurudumu.

"Hakuna mkwaruzo," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa na masikitiko. "Magurudumu ni mapana. Lakini hilo dude likianguka, Quilty, litazama mpaka kwenye mchanga. Miaka kumi na minne ya nyasi! Liondoe."

"Mara moja, mzee." Des akapiga hatua.

"Dakika tisa," Gus akasema.

"Gus."

"Dakika tisa za chai zimebaki. Mkataba hausemi chai inanywewa wapi." Akanywa, ili tuone.

"Gus, nakuomba. Kama ndugu."

"Ndugu nitakuwa saa nne na dakika ishirini."

Des akamgeukia injinia. Injinia alikuwa peku, kucha zake za miguu rangi ya zambarau, jambo ambalo hatukulitegemea. Akatikisa kichwa.

"Jaribio ni jaribio, Bwana Quilty. Ukiligusa sasa umejitoa. Na mtu yeyote asisogee karibu. Hatua tatu nyuma, wote. Hakuna mkono wala mguu chini ya mzigo unaoning'inia."

"Basi mchezo uahirishwe," nahodha wa Gilgarra akadai.

"Kwa nini?" Mzee Tuckwell akanyanyuka na majani shavuni. "Kuna tufe lililoguswa? Hakuna. Kuna nyasi iliyoharibika? Hakuna. Coralie, una dakika zako. Cheza."

"Achezeje? Kitufe hakionekani!" nahodha akabisha.

"Hilo ni shauri lake."

Hapo ndipo tuliposikia mlio. *Pii.* Mwembamba, kama kifaranga.

Des akawa mweupe kuliko kofia ya Coralie.

"Nini hiyo?" injinia akauliza.

"Betri."

*Pii. Pii.* Taa nyekundu ikawaka juu ya pampu. Mngurumo ukawa mkoromo, mkoromo ukawa kikohozi, kikohozi kikakatika. Hata kasuku wa kijivu waliokuwa juu ya paa la klabu wakanyamaza.

Mfuniko haukuanguka.

"Unashikwa na nini?" Gus akanong'ona.

"Na fagio la Wal," Des akajibu kwa kunong'ona vilevile.

Ni kweli, na ninasema bila haya. Kabla ya kubandika pedi mimi ndiye niliyeufagia ule mfuniko, nikausugua, nikapitisha kitambaa chenye maji. Mpira ukikaa kwenye chuma safi, hewa haina pa kupitia. Pampu ikifa, mshiko unabaki. Unabaki kwa muda.

"Muda gani?"

Des akaonyesha kwa kidevu geji inayopima mshiko. Mshale ulikuwa kwenye sitini. Tukiwa tunautazama ukawa hamsini na nane.

"Ukifika thelathini?" injinia akauliza.

"Kwaheri."

"Na dakika za chai zilizobaki?"

"Sita," Gus akasema. Kwa mara ya kwanza maishani sauti yake ilitetemeka. Lakini alisema sita.

Des alirudi mbio ukingoni, akapekua mfuko wa kizibao alichokiacha pale na buti, akarudi na betri ya akiba ameikumbatia kifuani kama kitoto. Akasimama hatua tatu kutoka kwa Kupe. Kuitia, kazi ya sekunde mbili. Akabaki amesimama hapo na mtoto wake.

Hamsini na mbili.

"Desmond," Coralie akasema. "Lile gurudumu lako la kushoto, la mbele. Liko wapi ukilinganisha na kitufe?"

"Nini?"

"Kitufe sikioni. Gurudumu naliona. Nilikiona kitufe kabla mdudu wako hajaja, kilikuwa futi moja kulia kwa kile kigingi cha alama kilicho mtaroni. Sasa nataka kujua gurudumu liko wapi."

Des alikunja jicho. Miaka thelathini na mmoja ya kupima mashimo kwa macho si bure. "Kitufe kipo nyuma ya gurudumu kwa upana wa koleo. Ndani, kwa urefu wa nyundo."

"Koleo la nani? Lako au la Gus?"

"Langu. La Gus halijawahi kutumika."

"Oya!" Gus akasema.

Arobaini na nne.

Coralie akapiga goti moja. Alikuwa na macho yale ambayo, Des aliwahi kuniambia, ndiyo yaliyomfanya amuoe na ndiyo yaliyomfanya ahamie karakana. Akalegeza mkono. Tufe likaondoka.

Tufe la mchezo huu haliendi sawa, hupinda. Lilienda pembeni kabisa, mbali, nahodha wa Gilgarra akaanza kutabasamu. Kisha likaanza kurudi. Likapinda, likapinda, likapita ndani kidogo ya gurudumu la kushoto la Kupe bila kuligusa, likaingia chini ya mfuniko.

*Tak.*

"Nimeshinda," Coralie akasema.

"Hujashinda mpaka nipime," Mzee Tuckwell akasema, na futi kamba ikiwa tayari mkononi akaanza kutambaa.

"Simama!" Injinia alimshika mguu. "Nimesema hakuna mkono chini ya mzigo!"

"Mimi ni mwamuzi!"

"Utakuwa mwamuzi bapa!"

Thelathini na saba. Chuma kikatoa mlio mdogo, kama mtu anayesogeza kiti. Mfuniko ukainama upande mmoja, kidogo, kiasi cha unene wa sarafu.

"Gus," nikasema.

"Dakika moja na nusu."

"Gus, saa yako huwa inachelewa."

"Saa yangu haijawahi kuchelewa! Ndiyo saa ya chama!"

Thelathini na nne. Des alikuwa anasogeza midomo. Nilidhani anasali. Baadaye nilijua alikuwa anakariri aina za mbwa.

Thelathini na tatu. Gus ameinua mkono juu, macho kwenye saa, jasho linamtiririka masikioni. Thelathini na mbili. Kikombe chake kilikuwa bado na funda moja na hakulinywa. Thelathini na moja.

"KAZINI!"

Des aliruka. Mgongo wake ulitoa sauti niliyoisikia mimi nilipo. Betri ya zamani ikaruka, mpya ikaingia, *klak*, na Kupe akavuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Mshale ukatetemeka. Thelathini. Ukasimama. Thelathini na tano. Hamsini. Themanini.

Wanawake wanane wakapiga makofi. Mzee Tuckwell alikaa chini kwenye nyasi zake, akazipapasa.

Des akakanyaga pedali ya jeki, mfuniko ukapanda, tukamsukuma Kupe nje taratibu, tena juu ya mbao zilezile. Futi kamba ikapita. Tufe la Coralie lilikuwa limelala shavu kwa shavu na kitufe. Fainali imekuwa ya Warrabulla, kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa.

Tukapandisha mtaa. Des akaushusha mfuniko kwenye shimo lake, akafungua valvu, *pfff*, na ukakaa sawasawa, kama haujawahi kwenda popote. Injinia, buti mkononi, akaweka faili juu ya boneti ya lori.

"Umeshika dakika ishirini. Zimo na za matembezi." Akasaini. "Kupe amekubaliwa. Unabaki na mabomba yako, Bwana Quilty."

Niliona machozi. Nitasema ni upepo kwa sababu Des ni rafiki yangu, lakini upepo haukuwepo.

"Injinia," sauti ikasema nyuma yetu. "Umewaambia?"

Coralie alikuwa amepanda mtaa na mavazi yake meupe, kikombe cha ushindi kwapani.

Injinia alijikuna shingo. "Nilitaka kuwaambia kwenye chai. Lakini chai ilikuwa na mambo yake."

"Kutuambia nini?" Gus akauliza.

"Nafasi ya msimamizi wenu. Tangu aliyekuwepo astaafu mwezi wa nane imekuwa wazi. Waliomba watu kumi na mbili. Tumemchukua mmoja, anaanza Jumatatu."

Hakuna aliyeuliza nani. Coralie alishauweka mkono juu ya mpini wa Kupe, anaupapasa.

"Mtu aliyeweza kupanga mbwa elfu mbili na wenye mbwa wao," alisema, "ataweza wanaume watatu. Umeiunda mwenyewe hii, Desmond?"

"Ndiyo."

"Katika ndoa ya miaka kumi na saba hukuwahi kurekebisha hata bomba la jikoni."

Des akamtazama Coralie. Akaitazama karatasi juu ya boneti, wino wake bado haujakauka. Nilimfahamu. Nilijua hesabu anayoipiga kichwani, maana ilikuwa fupi: katika halmashauri nzima ya Warrabulla, kuanzia Jumatatu, kuna mahali pamoja tu ambapo Coralie hatakuwepo.

"Injinia," akasema kwa sauti ndogo. "Ile kaunta ya mbwa. Sasa ina nani?"

"Haina mtu. Iko wazi kabisa."

"Na hiyo karatasi inaweza..."

"Kuchanwa?" Injinia aliishika kwa vidole viwili, kila upande kimoja. "Inaweza. Lakini nikiichana sitaandika nyingine, na Kupe anarudi nyuma ya nyumba yako kulala na kuku. Chagua hapa hapa. Kupe, au mbwa."

Coralie alikuwa anatazama zile soksi.

Des akamgeukia, si injinia bali Coralie, akavuta pumzi ndefu kuliko ya Kupe, akamwambia maneno matano. Gus Marinko, mtu ambaye hajawahi kuachia kikombe chake mkononi tangu alipojiunga na chama, alikiangusha, kikapasukia juu ya mfuniko. Maneno yenyewe, Jumatano ijayo.